Lori la Ndama Huja Saa Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, Rona Whaitiri amepiga magoti kwenye matope nyuma ya ng'ombe, tochi imefungwa kichwani, mkono wake wa kulia umezama ndani ya mnyama hadi kwenye kiwiko. Kwa haki hapaswi kuwa hapo. Kazi yake ni kulea ndama, si kuwazalisha mama zao, na ng'ombe huyu mwenye namba 87 kwenye hereni ya sikio alihesabiwa kuwa amezaa tangu Jumanne iliyopita.

Namba 87 hana habari na hesabu hiyo. Anaguna, anasukuma, na ghafla ndama mweusi anateleza na kuangukia gambuti za Rona, mzima kabisa, mvuke ukimtoka mwilini kwa baridi.

Lindsay, mume wa Rona, anakuja mbio kutoka banda la kukamulia. Anasimama, anamwangalia ng'ombe, kisha ndama, kisha mkewe.

“Huyu si alishazaa?”

“Tulidhani.”

“Sasa yule dume wa Jumanne alikuwa wa nani?”

Rona anajifuta mkono kwenye aproni ya mpira. Jibu analo, na linamkata maini.

Usiku ule wa Jumanne mvua ya theluji ililipiga bonde la Mataura, kusini kabisa mwa dunia, na ng'ombe wawili wakajitenga pamoja kwenye kona ya malisho, chini ya miti inayokinga upepo. Kulipokucha Lindsay aliwakuta na ndama wawili. Namba 212 alikuwa anamlamba mtamba wa kahawia, na namba 87 anamlamba dume. Kila mmoja na wake, Lindsay alisema, akawapakia ndama kwenye tela.

Kosa lenyewe ni la kawaida kwa watu wa maziwa, na kila msimu lina mtu wake. Ng'ombe aliyekaribia kuzaa hushikwa na uchu wa mtoto mpaka akaiba wa mwenzake. Namba 87 alikuwa mwizi tu. Wale ndama wawili walikuwa pacha, dume na jike, wote wa tumbo la 212.

Mfugaji yeyote, awe wa Mataura au wa Njombe, anaijua maana yake. Jike aliyezaliwa pacha na dume karibu kila mara huwa tasa. Hatazaa, kwa hiyo hatakamuliwa, na kwenye shamba hili ndama asiye na matumaini ya kukamuliwa hupandishwa lori pamoja na madume. Lori huja Jumatatu, saa tatu asubuhi, na likiondoka haliendi malishoni.

Leo ni Jumatatu. Na mtamba yule wa kahawia ana jina. Anaitwa Milo, na ni wa Maata, binti wa Rona mwenye miaka tisa, ambaye kwa sasa amelala fofofo kwenye nyumba ya wafanyakazi, sare yake ya shule ikiwa imening'inizwa mbele ya jiko la kuni.

Rona ana miaka thelathini na minane, na huu ni msimu wake wa kumi na nne wa kulea ndama. Analipwa dola thelathini kwa saa, na saa za kufua nguo zenye kinyesi hazihesabiwi. Ndama zaidi ya mia mbili watapita mikononi mwake kabla majira ya kuchipua hayajaisha. Kila mmoja lazima anyweshwe dang'a, maziwa mazito ya kwanza ya mama, ndani ya siku ya kwanza, afundishwe chuchu ya mpira, apakwe dawa kitovuni. Akikataa kunywa, Rona hukaa naye kwenye majani makavu mpaka akubali.

Msimu huo huanza wiki ile ile ambayo likizo ya kipupwe inakwisha. “Watu wa mjini shule zikifunguliwa wanashusha pumzi,” anasema. “Sisi ndiyo kwanza tunaivuta.”

Kwa watoto wa bonde hili, kurudi shule baada ya likizo hiyo ni kurudi na ndama. Si darasani, la. Ndama anabaki bandani. Lakini kila mtoto wa shamba huwa ameshachagua wake, na hadi Oktoba atakuwa anamfundisha kufuata kamba, kuja akiitwa, na kusimama wima mbele ya mwamuzi kwenye Siku ya Ndama. Asiye na ndama siku hiyo hupangiwa kuuza soseji, na hilo mtu hulikumbuka mpaka uzeeni.

Maata aliwahi kuwa na ndama kabla ya Milo. Mwaka jana alikuwa na Tangawizi, aliyevunjika mguu katikati ya Agosti na kupandishwa lori wakati mtoto akiwa shuleni.

“Nilimwambia amehamia shamba moja huko Otago lenye majani marefu,” anasema Rona. “Nilijua nadanganya. Nilidhani ndiyo huruma.”

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikatikia kwenye basi la shule. Kijana wa jirani alicheka mbele ya watoto wote: “Otago? Tangawizi wenu alishaliwa zamani!”

Maata hakulia. Aliacha tu kumwamini mama yake. Rona akisema mvua imekatika, mtoto anafungua mlango kuhakikisha. Rona akisema chakula hakina pilipili, mtoto anamgeukia baba yake: “Baba, ati kweli?” Wageni walicheka wakidhani ni utani wa familia. Rona alicheka nao, kisha akaenda kuosha vyombo ili asionekane usoni. Mwaka mzima Maata hakukanyaga bandani.

Likizo hii ndiyo alirudi. Mvua ilinyesha siku baada ya siku, kaka yake Angus aliganda kwenye michezo ya kompyuta, na asubuhi moja Maata akatokea mlangoni pa banda na gambuti zilizokwisha kumbana. Siku iliyofuata aliingia. Jumatano, dhoruba ilipopita, alimwona yule mtamba wa kahawia akishushwa kwenye tela, akamchagua palepale. Lakini alitoa sharti, tena akiwa amesimama na mikono kiunoni.

“Kukiwa na lolote juu ya Milo, uniambie wewe. Usiniache niambiwe kwenye basi.”

Rona alikubali, na wakapeana mikono kama wafanyabiashara wa mifugo.

Sasa tochi yake inamulika matope. Mwenye shamba, Struan, ameshashuka kwenye gari lake, na kwa namna anavyokwepa kumtazama, Lindsay ameshampa habari.

“Struan, nakuomba jambo moja. Yule mtamba wa 212.”

“Nimesikia.” Uso umeumbwa na haya, Struan anaziangalia gambuti zake mwenyewe. “Ni tasa, Rona.”

“Karibu wote huwa tasa. Si wote.”

“Sitamlisha miaka miwili nikisubiri muujiza. Halafu nikimruhusu Maata leo, kesho kila mfanyakazi atakuwa na ng'ombe wake kwenye majani yangu. Na watakaozaliwa usiku wa leo utawalaza wapi? Umenililia nafasi tangu Ijumaa.”

Ni kweli, amelia nafasi. Ndama wanalala wamebanana, na wakibanana sana huambukizana kuhara.

“Apande lori la leo,” anasema Struan, kwa upole unaouma kuliko ukali. “Mtoto achague mwingine. Amtakaye. Hata wa ng'ombe wangu bora.”

Gari la Struan linapoondoka, Lindsay anamvuta mkewe pembeni ya tangi la maziwa. Lindsay si mtu mbaya. Ni baba ambaye hawezi kumwona binti yake akilia, na watu wa namna hiyo ni hatari.

“Tumwambie Milo amekufa,” ananong'ona. “Kahara usiku, kafa. Ndama wanakufa, hata yeye anajua.”

“Lindsay.”

“Ni siku ya kwanza ya shule, Ro! Unataka aende na msiba moyoni? Akirudi jioni tunamwambia, analia, tunamkumbatia, kesho anachagua mwingine. Kwisha.”

“Atajua.”

“Atajuaje? Tuko wawili tu hapa.”

“Na mwaka jana tulikuwa wangapi?”

Lindsay anaokota ndoo zake. “Haya, fanya ujuavyo. Ila usije ukasema sikukwambia.”

Nyumbani kumechafuka. Angus, mwenye miaka kumi na mitatu na miguu iliyorefuka katika majuma mawili ya likizo, ana kiatu kimoja. Cha pili kilionekana mara ya mwisho siku shule ilipofungwa. Kwenye mkoba wake kumeibuka ndizi ya muhula uliopita, nyeusi, laini, imegeuka kitu kingine kabisa.

“Nani kaficha kiatu changu?”

“Nani akitake?” anajibu Maata, mdomo umejaa mkate wa jibini. “Kinanuka hadi ng'ombe wanaziba pua.”

“We nyamaza, mama ndama.”

“Angus, vaa gambuti,” anasema Rona. “Basi halisubiri kiatu.”

“Gambuti? Siku ya kwanza? Mama, unataka nitaniwe mpaka Desemba?”

Kwa siku nyingine Rona angecheka. Leo anajaza visanduku vya chakula tu. Maata anamfuata kutoka meza hadi sinki, anatoa maagizo kama daktari anayetoka zamu.

“Milo umpe taratibu, anapaliwa. Akishakunywa umvue kamba, wenzake wanaitafuna. Halafu umwambie nitarudi jioni.”

“Nimwambie?”

“Anasikia, Mama. Kalalaje?”

“Kalala vizuri,” anasema Rona.

Ni kweli tupu, na bado anahisi ni uongo mkubwa kuliko ule wa Otago. Lindsay ameingia kunywa chai na amesimama karibu na jiko, macho kwenye kikombe.

“Mbona unaniangalia hivyo?” anauliza Maata.

“Sare imekubana. Umekua.”

Maata anageuka. “Baba, ati imenibana?”

“Kidogo,” anasema Lindsay.

Basi linafika kabla jua halijachomoza, taa zake zikimulika jalidi, barafu nyembamba iliyolala kwenye majani. Dereva ni Noeline, ambaye amewabeba watoto wa barabara hii tangu baadhi ya wazazi wao wakiwa watoto.

“Haya, ingieni!” anaita. “Nimewakumbuka kama jino bovu. Angus, hizo gambuti ndiyo mtindo mpya?”

Watoto ndani ya basi wanaangua kicheko. Angus anapanda kama mtu anayepanda kizimbani. Maata anapanda nyuma yake, anakaa dirishani, anapunga mkono. Rona anapiga hatua moja kuelekea dirishani. Kisha naye anapunga, na basi linaondoka.

Kuna kazi ya kufanya, na Rona anaifanya. Madume sita wanahamishwa kwenye kizimba cha barabarani, pale lori linaposimama. Anarudi kumchukua wa saba. Milo amelala kwenye majani makavu, anaposikia hatua anasimama na kuja mwenyewe. Siku chache tu za mafunzo na tayari anafuata kamba, hatua kwa hatua, bila kuvutwa. Mtoto alimfundisha vizuri mno.

Nusu ya njia, Rona anaziona taa za lori. Liko kwa jirani, limesimama. Halina haraka, lakini zamu yao ndiyo inayofuata.

“Nilijiambia, jioni nitamweleza ukweli wote,” anakumbuka. “Halafu nikajiona jioni namweleza, lori limeshaondoka, yeye kakaa na mkoba mgongoni. Ukweli wa namna hiyo ungemsaidia nini? Ungekuwa wangu mimi, wa kunituliza mimi.”

Anamrudisha Milo bandani, anafunga komeo, anakimbilia gari.

Basi la Noeline huzunguka kilima kuokota watoto wa upande wa pili kabla ya kushuka kwenye daraja la mbao. Kuna njia ya changarawe inayokata katikati, ambayo watu wenye akili hawaipiti siku ya jalidi. Rona anaipita. Gari linateleza kwenye kona ya kwanza, tairi la nyuma linagusa mtaro, linarudi barabarani. Kwenye kona ya pili anasali kwa sauti, kwa Kimaori cha bibi yake, maneno ambayo hakujua kama bado anayakumbuka.

Anafika darajani, analiweka gari katikati ya njia, anawasha taa zote. Dakika moja baadaye basi linatokea, linapiga honi, linasimama.

“Rona! Unataka kutuua?” Noeline anafungua mlango, uso umempauka. “Kuna nini? Lindsay?”

“Lindsay mzima. Namtaka Maata.”

Nyuso zimejipanga madirishani. Angus amejificha nyuma ya mkoba wake, maana siku yake sasa imeharibika kabisa. Maata anateremka polepole, ngazi moja, ngazi ya pili. Hajaambiwa kitu na tayari amekuwa mweupe midomoni.

“Ni Milo,” anasema.

“Ni Milo.”

“Kafa?”

“Hajafa. Ana pacha wake, yule dume wa Jumanne. 87 kazaa leo alfajiri, mbele yangu. 87 alikuwa kamwiba yule dume kwa 212.”

Maata ni mtoto wa ng'ombe. Hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, na Rona anaona jinsi kichwa chake kinavyopiga hatua moja baada ya nyingine, mpaka kinafika.

“Kwa hiyo tasa.”

“Karibu hakika.”

“Kwa hiyo lori.”

“La leo, mwanangu. La saa tatu.”

“Mwambie Struan!”

“Nimemwambia. Kakataa.”

“Mwambie tena! Hujui kusema wewe! Baba angemwambia vizuri!”

“Hatabadilika, Maata. Nikikwambia atabadilika nitakuwa nakudanganya.”

Hapo mtoto anapasuka. Anampiga mama yake kwa mkoba, kwenye nyonga, kwenye tumbo, kisanduku cha chakula kikigonga ndani. “Sasa umeniambia ya nini? Nilishapanda basi! Nilikuwa nina furaha! Ungeniacha!”

Rona amesimama anapigwa. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wazee wetu walisema, lakini hawakusema kwamba nundu haiumi. Anasubiri mkoba uchoke.

“Unaweza kurudi ndani ya basi uende shule,” anasema hatimaye. “Au twende ukamuage. Utakalochagua sitakulaumu. Lakini sikutaka likupite bila kujua.”

Maata anapangusa pua kwa mkono wa sweta mpya. Anatazama basi. Anatazama mto.

“Lori liko wapi?”

“Kwa jirani.”

“Sasa mbona tumesimama?”

Noeline, ambaye amesikia kila neno, anarudisha basi nyuma ili gari lipite. “Nitasema shuleni atachelewa,” anamwambia Rona dirishani. “Sababu sitasema. Nenda.”

Wanafika lori likiwa linaingia kwenye lango. Maata hangoji gari lisimame vizuri. Anakimbilia bandani na viatu vyake vya shule, anaingia kwenye kinyesi bila kutazama chini. Rona anampa chupa ya maziwa, kwa kuwa ndama anayesafiri hapakiwi na njaa. Hiyo ni sheria, na asubuhi hii ni rehema pia. Milo anakunywa kwa pupa. Anapaliwa, Maata anaivuta chupa, anasubiri, anamrudishia. Anapangusa povu mdomoni mwa ndama kwa kiganja.

Lindsay anakuja kumbeba.

“Niache, Baba.”

“Ni mzito, mama.”

“Anajua kutembea.”

Maata anamvua Milo kamba shingoni na kuiweka mfukoni. Kisha anatembea kuelekea kizimbani bila kugeuka nyuma, na Milo anamfuata.

Dereva wa lori ni mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, Trevor. Amesimama karibu na ngazi ya kupakilia na hajui aweke wapi mikono yake. Maata anamwendea.

“Wanakwenda wapi hawa?”

Trevor anamtazama Rona, kama watu wazima watazamavyo wakitaka kujua ni uongo gani unaotumika katika nyumba hiyo. Rona hamsaidii.

“Machinjioni, binti.”

“Leo?”

“Leo.”

“Wanaogopa?”

Trevor anavua kofia, anaivaa tena. “Wengine. Naendesha polepole kwenye kona.”

“Huyu wa kahawia anapaliwa. Akikohoa usidhani anaumwa.”

“Sawa. Nimekuelewa.”

Kupakia ni kazi ya Rona. Ameifanya misimu kumi na minne na mikono yake inajua njia, mmoja chini ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja. Anampandisha Milo wa mwisho. Lango la lori linafungwa. Lindsay anakwenda nyuma ya tangi la maziwa, na anaporudi na macho mekundu anasema baridi ya leo ni kali.

Maata anafika shuleni amechelewa, maziwa yamekauka kwenye sketi.

Hadithi ingependeza kama ingekwishia hapo, kwa mama na binti kukumbatiana. Haikuwa hivyo. Jumatatu jioni Maata anakula akitazama sahani. Jumanne anapita mbele ya banda kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mgomvi wake. Jumatano Angus anakipata kiatu chake ndani ya sanduku la kuni, anakiinua juu na kucheza nacho jikoni kama kombe, na hata hilo halimchekeshi dada yake. Mama akimuuliza swali anajibu neno moja. Lindsay hasemi “nilikwambia.” Anahema tu, na kuna namna ya kuhema inayosema hayo hayo.

Kazi, nayo, haina msiba. Kila asubuhi tela linashusha ndama wengine, wamelowa, wanatetemeka, wanatafuta chuchu kwenye vidole vya Rona.

“Mwaka jana nilimpoteza kwa uongo,” anasema Rona, akimlazimisha dume mmoja mkaidi kufungua mdomo. “Nikaanza kudhani mwaka huu nimempoteza kwa ukweli. Usiku nilikuwa najiuliza, sasa mtoto anatakiwa alelewe na nini?”

Ana mpango mmoja, na ameshamweleza Struan. Kuanzia msimu ujao, watoto wa shamba wachague tu ndama ambao mtu amewaona kwa macho yake wakizaliwa. Struan alikuna kidevu, akasema ni jambo la akili, akashangaa halikufanyika siku zote. Rona anatumaini pia kwamba Oktoba atakuwa amesimama ukingoni mwa uwanja wa shule, akimtazama binti yake akizunguka na ndama, hata akishika nafasi ya mwisho. Halafu anasita, kana kwamba ameomba kitu kikubwa mno.

Ni Alhamisi, jioni inaingia mapema. Basi limeshapita. Mlango wa banda unalia, na Maata anaingia, amevaa gambuti. Hamsalimii mtu. Anapita kizimba kwa kizimba, mikono nyuma, kama mkaguzi. Rona anaendelea kumimina maziwa na anajizuia kugeuza kichwa.

Mwisho wa banda, hatua zinasimama.

“Mama.”

“Naam.”

“Huyu atabaki?”

Rona anaweka ndoo chini na kwenda. Ni mtamba mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, aliyezaliwa juzi mchana, peke yake, mbele ya watu wawili. Kitovu kimekauka. Macho maangavu. Anakunywa vizuri. Neno “ndiyo” limeshafika kwenye ncha ya ulimi, nalo ni neno dogo, tamu, ambalo mama yeyote angelitoa bure.

“Sijui, mwanangu,” anasema. “Leo yu mzima kabisa. Ya kesho siyajui.”

Maata anamtazama usoni, muda mrefu, kama anayesoma. Kisha anapanda juu ya mbao za kizimba na kurukia ndani.

“Haya,” anasema. “Njoo unishikie kichwa chake, nimvalishe kamba.”